Mtoto ameambiwa aandike watu mashuhuri wa jina la ukoo wake. Jina ni Mazrui, shule iko Lamu. Naomba ushauri

BintiMkomani

Asalaam aleikum wana jukwaa, na shikamoo kwa wakubwa.

Mwanangu yuko Gredi ya 5 hapa Lamu. Ijumaa amerudi na kazi ya nyumbani: kila mtoto achukue jina la ukoo wake, atafute watu mashuhuri wanaolibeba, awapange kwenye karatasi ya manila na kila mmoja amwandikie sentensi mbili tatu. Chati zitatundikwa darasani, kisha siku ya wazazi kila mtoto asimame aeleze yake. Wenye watoto wa mtaala wa CBC mnaijua hali: kazi ya mtoto, jasho la mama.

Jirani yangu amemaliza usiku ule ule. Jina lao la tatu ni la babu tu, wametafuta mcheza mpira mmoja na mwimbaji mmoja, wamebandika, wamelala. Sisi baba yake ni Mazrui, kwao Takaungu. Mimi ni Mwamu wa Mkomani, kwetu na kwa bibi zangu ni hapa hapa. Sasa sikilizeni mashaka yangu.

Shemeji yangu mkubwa, ami yake mtoto, amekuja na orodha yake tayari imeandikwa kwa mkono. Imejaa mabwana wa Mombasa tangu Mreno alipotolewa Fort Jesus hadi Mbaruk bin Rashid. Na ameniambia vita vya Shela, pale Waamu walipowashinda Mazrui, visiguswe hata kwa nukta, "usimtie mtoto aibu mbele ya Waamu."

Mtoto mwenyewe anamtaka Noussair Mazraoui wa Manchester United, awe katikati, picha kubwa kuliko zote. Nimemwambia yule ni Mmorocco. Akanijibu, "Lakini mama, jezi yake imeandikwa jina letu."

Dadake mdogo kasimama hapo akauliza, wanawake wako wapi? Sikuwa na jibu.

Na kubwa kuliko yote: darasani walishafundishwa habari za Shela, na tangu hapo wenzake wamempa jina, "Mkimbia Shela". Akiwa nao hucheka. Akifika nyumbani hanyamazi. Juzi tunakula akaniuliza, "Mama, sisi ndio tuliopigwa?" Nikashindwa niseme sisi au niseme wao, maana babu zangu ndio waliopiga.

Naomba mniambie nani aingie, nani aachwe, Shela iandikwe au isiandikwe, na huyu shemeji nimjibuje bila kumvunjia heshima. Na tafadhali tusiletee hapa matusi ya kabila.

Mshabiki_wa_Kutupwa

Weka Mazraoui dada, maliza kazi. Beki wa kulia anacheza, wa kushoto anacheza. Huko kwenye orodha ya shemeji kuna nani anayeweza?

Mzee wa Daka

Waalaikumu salaam mwanangu. Mimi ni wa Langoni, na Shela nimeisikia barazani kabla sijajua kusoma. Ngoja nikupe vilivyo, kisha ukate mwenyewe.

Yapata mwaka 1812 jeshi la kisiwa cha Pate pamoja na la Mazrui wa Mombasa, wakati huo bwana wa Mombasa akiwa Ahmad bin Muhammad, liliteremka pwani ya Shela likitaka kuitia Lamu mkononi. Waamu wakatoka kulikabili. Wageni wakavunjika, wakarudi mbio kwenye vyombo vyao, wakakuta mai yamekupwa na vyombo vimepwelewa mtangani. Hapo ndipo walipokufa wengi. Wazee wetu wakisimulia kwamba miaka na miaka baadaye upepo ukifukua vile vilima vya mchanga, mifupa ilikuwa ikionekana.

Basi huyo kiyana mwambie hivi: babu zake waliponzwa na kupwa. Na hao wanaomcheka, baba zao wangapi ni manahodha? Waende wakawaulize kama kuna mmoja hajawahi kupwelewa.

Na sisi Waamu nasi tusijisifu tukapitiliza. Baada ya ushindi tuliogopa kulipiziwa, tukamwita Seyyid Said wa Oman atulinde. Akaleta liwali na askari, na Ngome hii tunayokaa chini yake kila jioni ikakamilika yapata 1821. Tulishinda Jumatatu, Jumanne tukapata bwana. Hilo nalo liandikwe kama kuna nafasi.

Shela usiitoe. Ukiitoa, watoto ndio watakaoijazia, na watajazia kwa wanavyojua wao.

KichwaNgumu_MSA

Shikamoo Mzee wa Daka, umesema.

Mimi niko Mombasa, Mji wa Kale, na neno langu ni moja: orodha ya shemeji ni ya watawala peke yake. Ukoo huu umetoa masheikh na waandishi waliowafaa watu wengi kuliko wale mabwana wa ngome. Na watu wakifika kwenye wasomi hukimbilia kwa profesa Ali Mazrui, kwa sababu wamemwona kwenye televisheni. Mimi ningemweka katikati baba yake.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa 1891. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni, lakini alifariki mtoto akiwa mdogo, 1894, akalelewa na kusomeshwa na Sheikh Sulaiman bin Ali, naye Mazrui, naye aliwahi kuwa Kadhi Mkuu. Al-Amin akatoa gazeti la Kiswahili, Sahifa, mwaka 1930, kisha Al-Islah 1932. Hebu fikirini zama zile: sheikh wa kilemba anakaa Mombasa anaandika gazeti kuwaambia Waswahili wasome, wasomeshe na mabinti, waache uvivu na ubadhirifu wa harusi. Wengine walimchukia kwa hayo. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akabaki hapo hadi alipofariki 1947.

Na hili shemeji atalipenda: ni yeye aliyeandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Mazrui Mombasa. Hakuwahi kuimaliza. Ikaja kutafsiriwa Kiingereza na kuchapishwa 1995, karibu nusu karne baada yake. Karibu yote aliyokusimulia shemeji kuhusu wale mabwana, kama hakuyapata kwa wazee, yametoka humo. Na humo kushindwa kumo pia. Sheikh hakukuficha. Sasa kama aliyeandika kitabu hakuona aibu, ami aone aibu gani kwenye karatasi ya manila?

Mwanawe ni Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa 24 Februari 1933. Mwandikieni mtoto jambo moja tu analoweza kulishika: mtihani wa kumaliza shule hakuufaulu vizuri, akaanza maisha kama karani kwenye chuo cha Waislamu hapa Mombasa. Ndiye huyo aliyekuja kuwa profesa Makerere, kisha Michigan na Binghamton kule Marekani, na mwaka 1986 akawa na mfululizo wa vipindi tisa vya televisheni kuhusu Afrika. Alifariki Oktoba 2014, akaletwa kuzikwa kwenye makaburi ya ukoo karibu na Fort Jesus. Ukipita pale na mtoto mwonyeshe. Ni hatua chache tu kutoka langoni mwa ngome.

Mtoro_wa_Fuladoyo

Habari zenu. Mimi ni Mgiriama wa Malindi. Dada ameomba tusilete kabila, na silileti, lakini kuna jambo limerukwa na kila mtu hapa.

Mnazungumza Takaungu kama vile ni kijiji cha wavuvi. Baada ya Seyyid Said kuichukua Mombasa 1837, Mazrui waliosalia waligawanyika, wengine Gazi kusini, wengine Takaungu kaskazini. Mashamba ya Takaungu yalilimwa na watumwa. Waliotoroka walikimbilia bara, na mojawapo ya makimbilio yao ni Fuladoyo, ndilo jina langu hapa jukwaani. Kesi za ardhi zilizotokana na enzi hizo zimesumbua Kilifi hadi sisi tuliozaliwa juzi tunazijua.

Simsemi mtoto. Mtoto wa Gredi ya 5 hana deni na mtu. Ila chati ikiwa na mabwana na mapanga na majumba tupu, bila hata sentensi moja kwamba kulikuwa na watu waliolima, basi darasani kutakuwa na mtoto mwingine amekaa pembeni anaisoma, naye jina lake haliko kwenye chati ya mtu yeyote.

Halafu kwa kucheka kidogo: sisi huku jina la babu hurudi kwa mjukuu, kwa hiyo kazi kama hiyo ingenishinda kabisa. Ukiniambia nitaje watu mashuhuri wanaoitwa Kazungu au Charo au Katana nitaujaza uwanja wa Malindi, na wengi wao hata hawajuani.

Mshabiki_wa_Kutupwa

Huyu naye. Mtoto ameombwa watu mashuhuri, siyo kesi ya ardhi.

Mtoro_wa_Fuladoyo

Sentensi moja tu nimeomba, ndugu yangu. Moja. Beki wako amepewa picha kubwa.

MwalimuBahari

Nimefundisha shule za msingi Malindi na Kilifi, na kazi kama hii nimewahi kuitoa mwenyewe, kwa hiyo niseme kama mwalimu. Mwalimu hatafuti nasaba. Anataka kuona mtoto anajua kutafuta habari, kuchagua na kueleza kwa mdomo wake. Chati yenye majina 15 ni chati ya ami. Chukueni sita, mwisho saba.

Na kuna tatizo moja kwenye uzi huu wote, mnachanganya vitu viwili. Kuna watu wa nasaba moja, na kuna watu wanaoitwa jina moja. Si kitu kimoja. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuielewa tofauti hiyo akionyeshwa kwa kalamu. Fanyeni hivi: jina la mtoto liwe chini katikati. Ambaye uhusiano wake na wengine unajulikana mtu kwa mtu, kama Sheikh Al-Amin na mwanawe Ali, waunganisheni kwa mstari wa kukaza. Ambao ni wa kabila lile lile la Oman lakini vizazi vimeachana mbali, mstari wa nukta nukta. Wa jina tu, asiwekewe mstari, akae pembezoni.

Kwa utaratibu huo hata ugomvi wa Mazraoui unaisha wenyewe. Huyo kijana alizaliwa Uholanzi mwaka 1997, Mmorocco kwa asili, amepita Ajax na Bayern kabla ya kwenda Manchester 2024. Tena jina lake kwa Kiarabu halina herufi ain, la kwenu linayo. Ni jina jingine, limefanana kwenye herufi za Kizungu tu. Mwacheni mtoto amweke pembeni kabisa, bila mstari, na aandike yeye mwenyewe kwa nini hana mstari. Mwalimu akiona hilo atampa alama kuliko kwa hao wengine wote.

BintiMkomani

Mwalimu Mungu akuweke. Mistari nimeipenda mno. Nimemweleza kijana, kwanza akanuna kwa ajili ya beki wake, kisha akaniuliza kama anaweza kutumia kalamu nyekundu kwa nukta.

Mzee wangu wa Daka, nimesoma maneno yako kwa sauti mezani. Ile ya Jumatatu na Jumanne imemfanya baba yake acheke hadi chai ikampalia.

Mtoro, nimekuelewa, wala hukunikwaza. Nafikiria niiandikeje kwa maneno ya mtoto.

Bado swali la binti yangu halijajibiwa. Wanawake?

Kasri_la_Upepo

Dada, mimi niko Abu Dhabi kikazi, ngoja nikusaidie hapo.

Huku Imarati jina Mazrui limejaa, wengi wakiliandika Al Mazrouei. Ni watu wa Bani Yas, na asili ya jina ni ile ile ya Waarabu wa Mazrui. Waziri wa nishati, Suhail Al Mazrouei, mtamsikia kila mara bei ya mafuta inapotajwa. Lakini wa binti yako ni Shamma Al Mazrui. Februari 2016 aliteuliwa waziri wa mambo ya vijana akiwa na miaka 22. Ishirini na miwili! Alikuwa amesoma Oxford. Tena yeye jina lake huandikwa herufi kwa herufi kama la mwanao.

Mstari wa nukta, kama alivyosema mwalimu. Msije mkasema ni shangazi.

KichwaNgumu_MSA

Shamma ni sawa. Ila tusidanganyane, kwamba tumelazimika kwenda hadi Abu Dhabi kumpata mwanamke mmoja si kwa sababu hawakuwepo huku. Nasaba zetu zimeandikwa bin, bin, bin hadi Oman, na mama zao wametajwa mara chache sana. Yule Sheikh Al-Amin aliyefiwa na baba akiwa na miaka mitatu, kuna aliyembeba usiku, na jina lake wangapi wanalijua? Mwambie binti swali lake ni zuri kuliko jibu letu.

DarMzizima

Dada pole na majukumu. Mimi niko Dar, nimeingia kwa sababu ya Mbaruk. Naona ametajwa na shemeji tu, na hakuna aliyemweleza.

Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Baba yake, Rashid bin Salim, ndiye bwana wa mwisho wa Mazrui pale Mombasa. Seyyid Said alipoingia 1837, yeye na wakubwa wenzake walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, Uajemi, wakafia huko. Kwa hiyo Mbaruk alikua bila baba na bila mji. Maisha yake yote alipambana na Zanzibar, akishindwa anakimbilia msituni, akirudi anaanza tena. Mwaka 1895 bwana wa Takaungu, Salim bin Khamis, akafariki. Waingereza wakamsimika wanayemtaka wao, mwenye haki kwa mtazamo wa ukoo akaachwa, pwani nzima ikawaka moto hadi 1896. Mbaruk akaingia vitani. Waingereza wakaleta askari hadi kutoka India. Aprili 1896 akavuka mpaka kuja kwa Wajerumani, wakampokea, akaishi hapa Dar es Salaam hadi alipofariki 1910.

Kwa hiyo huyu ndugu yenu mkubwa ni mzee wetu pia, kaburi lake ni la huku. Mimi ningemweka. Lakini angalieni msimfanye malaika. Alikuwa mfanyabiashara wa watumwa vile vile, Mtoro hapo juu hasemi uongo. Mtu anaweza kuwa amepigana na Mwingereza na bado awe amewauza watu.

Mshabiki_wa_Kutupwa

Sasa hiyo ndiyo stori. Kwa nini shuleni hatukufundishwa hii ya askari kutoka India?

Mzee wa Daka

Mlifundishwa, mlikuwa mkiangalia dirishani.

NahodhaMatondoni

Mimi swali langu ni la shemeji. Wote mmemrukia mtoto, dada ameomba pia namna ya kumjibu mkubwa wake.

Dada, usimjibu. Mtume mtoto kwake. Aende na daftari, akae chini, aseme "Ami, nisimulie Bandar Abbas." Yule mzee amebeba orodha ya mkono hadi mlangoni kwako kwa sababu hakuna mtu nyumbani mwake anayemuuliza. Akisimulia Bandar Abbas atakuwa ameshakiri mwenyewe kwamba walishindwa, maana huwezi kufika Bandar Abbas bila kushindwa Mombasa. Hapo Shela itaingia yenyewe, wala hutasema neno.

BintiMkomani

Nahodha!! Hii nimeifanya jioni hii hii.

Nimemtuma na sahani ya mkate wa sinia, si mikono mitupu. Amekaa huko tangu baada ya magharibi hadi saa tatu kasoro. Amerudi na kurasa nne za daftari. Ami ameanza na Ali bin Uthman, yule aliyefungwa ndani ya Fort Jesus ndugu yake alipouawa, akatoroka, akakusanya watu na kuirudisha ngome. Mtoto macho yamemtoka. Kisha Bandar Abbas. Kisha, bila kuulizwa, Shela. Mtoto anasema ami alisema hivi: "Waamu walitupiga, ndiyo, lakini waulize kwa nini hadi leo wanatuoza binti zao." Nimecheka peke yangu jikoni.

Alichokataa ni neno "watumwa". Alisema mtoto bado mdogo. Hapo sijui niende vipi.

Mtoro_wa_Fuladoyo

Na wale waliouzwa walikuwa na umri gani? Samahani dada, sikusemi wewe.

MwalimuBahari

Biashara ya watumwa hufundishwa shuleni, neno hilo mtoto atalikuta kitabuni. Usiligeuze kuwa pambano na shemeji. Liweke chini ya Takaungu, pale mnapoeleza Mazrui walikwenda wapi baada ya 1837, kama habari ya mahali: "Takaungu ilikuwa na mashamba makubwa. Yalilimwa na watumwa. Wengine walitoroka wakajenga makao yao bara, kama Fuladoyo." Sentensi tatu fupi, hazina lawama wala hazifichi. Na shemeji mwonyeshe kabla ya kutundikwa. Asije akaikuta siku ya wazazi mbele za watu, hilo ndilo litakalomuudhi.

KichwaNgumu_MSA

Naunga mkono. Na mkitaka mfano wa Mazrui aliyesimama upande wa wanyonge, msimsahau Alamin Mazrui, mtoto wa ndugu yake profesa. Mtaalamu wa lugha na mwandishi. Mwaka 1981 alitoa tamthilia ya Kiswahili, Kilio cha Haki, kuhusu wafanyakazi wa shamba wanaodai haki zao, na mwaka uliofuata serikali ya wakati ule ikamweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Mtoto akiuliza "alifanya nini?" mwambieni aliandika mchezo wa kuigiza. Atashangaa, na ni vyema ashangae.

Kuna na Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin, Kadhi Mkuu tangu 1963 hadi 1968, naye alikuwa na gazeti lake, Sauti ya Haki. Huyu akikosa nafasi sitagomba, lakini nitanuna.

Mzee wa Daka

Na hilo jina la "Mkimbia Shela" mwanangu usilipeleke kwa mwalimu mkuu. Huo ni utani wa zamani kuliko shule yenyewe. Wakati wa vita hivyo Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, Lamu ikiwa na Zahidi Mngumi, wakirushiana mashairi ya kejeli kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mshindi wa mchanga si lazima awe mshindi wa beti. Mtoto akiitwa Mkimbia Shela ajibu, "Na wewe uliyebaki, Seyyid Said amekuacha lini?" Watanyamaza wakaulize nyumbani maana yake.

Lakini wakimpiga au wakimtenga, hapo nenda shule, wala usingoje.

BintiMkomani

Hawampigi Mzee wangu, ni mdomo tu. Jibu nimempa, analifanyia mazoezi tangu asubuhi mbele ya kioo.

Basi tumekata hivi. Juu kushoto Ali bin Uthman na ngome. Chini yake mchoro wa pwani ya Shela na vyombo vimelala ubavu mchangani, mtoto amechora mwenyewe na kaa wawili wasiohusika. Shela ameandika: "Hapa babu za baba walishindwa na babu za mama. Maji yalikuwa yamekupwa." Sikumwambia aandike hivyo. Nimeiacha.

Kisha Mbaruk, na sentensi za Takaungu kama alivyoziandika Mwalimu. Katikati Sheikh Al-Amin, mstari wa kukaza kwenda kwa Ali, na kwa Alamin mstari mwingine kupitia kisanduku kilichoandikwa "ndugu". Kulia Shamma kwa nukta nyekundu, hapo ndipo mdogo wake ameomba aandike yeye jina, herufi moja imepinda lakini haifutwi. Pembeni kabisa Mazraoui, bila mstari, na maelezo: "Huyu si wa kwetu. Nampenda tu." Sheikh Muhammad Kasim amekosa nafasi, KichwaNgumu utanisamehe, nimemweka kwenye karatasi atakayoshika mkononi wakati wa kueleza.

Shemeji nimemwonyesha baada ya isha. Amesoma yote amesimama, miwani puani. Kwenye watumwa akakaa kimya kidogo, kisha akaomba kalamu nikaogopa. Alichofanya ni kurekebisha tahajia ya "Bandar Abbas".

Limebaki moja. Maktaba ya pale Ngomeni nitakwenda kesho kutafuta picha za kunakili, za Sheikh Al-Amin na za Takaungu ya zamani. Mwenye picha ya Mbaruk inayoweza kuchapika vizuri, isiwe ile yenye ukungu inayozunguka mitandaoni, tafadhali anitumie kabla ya Alhamisi. Kazi inapelekwa Ijumaa.

DarMzizima

Ninayo, niliipiga kutoka kwenye kitabu cha mzee mmoja hapa Kariakoo. Fungua ujumbe wa pembeni.

KichwaNgumu_MSA

Nimenuna kama nilivyoahidi. Ya Sheikh Al-Amin nakutumia mimi, usihangaike nayo.

Mshabiki_wa_Kutupwa

Na picha ya beki ninazo kumi na mbili, chagua.